Kichwa Kigumu Hajambo

Kama uliwahi kukwama ndani ya lifti katika mji ule, basi ile sauti iliyokujibu kwenye kispika kidogo ilikuwa yake. "Tulia. Usiguse kitu. Nakuja." Hakuzidisha neno. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiwatoa watu kwenye yale masanduku ya chuma, wanaolia, wanaotukana, wanaosali, na hakuna lifti iliyowahi kumshinda. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe alimwita Fundi. Aliamini kwamba kila kilichoharibika kina mahali pamoja palipolegea, ukipapata pale pamoja umemaliza kazi, uende ukanywe chai.

Lakini stuli ya nyumbani kwake ilikuwa na mguu uliolegea tangu mwaka uliopita. Mkewe alimwambia mara moja, akamwambia mara mbili, mara ya tatu akamwambia kwa kucheka: "Ningekuwa nimekwama ghorofa ya tisa, ungeshanifikia." Fundi akasema kesho. Mganga hajigangi, na huyu wetu stuli ilimchekea miezi kumi na moja huku bisibisi ipo mfukoni.

Asubuhi ya Jumamosi moja mkewe alipanda juu ya stuli ile ile kusugua ukingo wa tangi lake la kioo, kitambaa mkono huu, kijibomba cha kupimia mkono huu. Mguu ukachomoka. Mama wa watu akaangukia ubavu, mfupa wa nyonga ukavunjika, na kijibomba kikawa vipande sakafuni. Fundi alivifagia jioni yake akavitupa bila hata kujua vilikuwa vya nini.

Sasa niwaambie kuhusu tangi, maana kisa chote kimo humo. Lilikuwa limekaa sebuleni kwenye meza ya chuma, kubwa la kutosha mtoto kuoga, kando ya cherehani ambayo mkewe alishonea mapazia ya watu. Humo ndani hamkuwa na samaki. Mlikuwa na konokono watano, mawe mawili matatu, na katikati, juu ya mchanga, tumbawe moja la mviringo lenye mikunjo mikunjo iliyojipinda na kurudiana kama ubongo wa mtu. Wenye elimu yao huliita tumbawe ubongo. Chini ni jiwe tupu, ila juu ya jiwe kuna nyama, nyembamba kama ngozi ya mkono, kijani mabondeni na hudhurungi kwenye matuta. Linakula. Taa ikififia saa moja jioni, lilikuwa linavimba taratibu na kutoa vinywele vyake kutafuta uduvi. Mkewe aliletewa kwa njia ya posta, ndani ya mfuko wa maji, likiwa kama ngumi. Miaka kumi na nne baadaye lilikuwa kama sufuria ya watu wanne. Kila Januari alilipima kwa futi ya kupimia mapazia na kuandika ukutani kwa chaki ya cherehani.

Jina alilipa yeye mwenyewe: Kichwa Kigumu. "Kama cha mwenye nyumba," alisema, na Fundi akacheka kwa sababu lilikuwa kweli.

Jioni zote ambazo Fundi alikuwa kwenye mashimo ya lifti, na zilikuwa nyingi, mkewe alikaa na Kichwa Kigumu. Hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililomuuma Fundi siku ile alipokimbia kando ya machela kuelekea kwenye gari la wagonjwa. Mkewe, ameuma meno kwa maumivu, alimshika mkono akasema, "Kila asubuhi mwongezee maji yake, mpaka kwenye mstari. Sijawahi kukuachia kitu changu, Fundi. Hiki tu."

"Nitamtunza," Fundi akasema. "Utamkuta hivi hivi."

Mlango wa gari ukafungwa.

Nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki, yamefanana, hayana maandishi. Fundi akachovya kidole kwenye la kushoto, akalamba: chumvi. Akachovya la kulia: maji matamu, safi kuliko ya bomba. Akasimama akafikiri, maana yeye si mtu wa kukurupuka. Mnyama ni wa baharini. Maji yake ni yapi? Haya ya chumvi, bila shaka. Yale mengine yatakuwa ya kusafishia vyombo. Mwenyewe aliona amepiga hesabu ya kiume. Kila asubuhi maji yakawa yamepungua kwa kiasi cha jagi moja chini ya mstari, na kila asubuhi Fundi akachota jagi moja pipa la kushoto, akajaza mpaka kwenye mstari, wala halikuzidi tone. Pipa lilipokaribia kwisha, akasoma maelezo kwenye mfuko wa chumvi, akapima kwa mizani, gramu thelathini na tano kwa kila lita, akakoroga mengine. Angekuwa mzembe kidogo, mnyama yule angepona.

Wiki ya kwanza haijaisha, mama mkwe akafika na mabegi mawili kuja kumpikia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wengi mnalijua. Mtu na mama mkwe wake si watu wa kukaa wakitazamana. Fundi alipomkuta sebuleni alishusha macho, akapita ukutani ukutani kama mtu anayemkwepa mwenye duka. Yeye naye, mama wa watu, hakuwahi kumwambia neno uso kwa uso tangu siku ya ndoa. Aliongea na vyombo. Alisimama jikoni, mlango umeegeshwa nusu, akasema kwa sauti: "Sufuria wewe, chakula kimeiva, mwenye kula na ale." Naye Fundi akajibu kwa meza: "Ahsante sana, tunashukuru." Hivyo ndivyo walivyoishi, na waliishi kwa amani, maana heshima si utumwa.

Saa kumi kila alasiri Fundi alikwenda hospitali. Mkewe alikuwa amelazwa chali, mguu umefungwa na kuning'inizwa kwa uzito, wiki sita bila kushuka kitandani. Cha kwanza alichouliza kilikuwa kile kile.

"Kichwa Kigumu hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Unampa maji yake?"

"Kila siku. Mpaka kwenye mstari."

"Ahsante," mkewe akasema, na akafumba macho kwa raha. Fundi akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Wiki ya tatu aliona mnyama havimbi tena jioni. Taa ikififia, vinywele havitoki. Ule uduvi aliomwekea ulikaa juu yake mpaka konokono wakaja kuula. Fundi akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaanza kutafuta palipolegea. Akafungua pampu, akaisafisha kwa mswaki mpya. Akabadilisha taa. Akaweka kipimajoto kingine kuhakikisha cha kwanza hakisemi uongo. Alikaza kila skrubu iliyokuwepo kwenye meza ile ya chuma, hata ambazo hazikuhusu maji. Kwenye kingo za kioo palikuwa na ukoko mweupe unaoota kila siku. Akaufuta kila siku, akarudi kesho akaukuta umeota tena, akaufuta.

"Hajambo?" mkewe akauliza.

Sasa hebu niambieni, kwa lugha yetu hii, mtu akiulizwa hajambo ajibu nini? Hata mahututi, aliyebakiwa na pumzi mbili, atasema sijambo, kisha ndipo atoe habari. Jibu limeshawekwa mdomoni tangu utotoni. Fundi akasema, "Hajambo." Alikusudia kuendelea. Alikuwa na sentensi nyingine tayari, inaanza na "ila". Lakini mkewe alishafumba macho kwa raha, na daktari alishasema mgonjwa asisumbuliwe, na ile "ila" ikarudi ilikotoka.

Siku ya pili ikawa vigumu zaidi. Siku ya tatu ikawa haiwezekani.

Na huku nyumbani, ajabu ya pili: chakula kilianza kuzidi chumvi. Siku ya kwanza Fundi alidhani ni bahati mbaya. Mchuzi ulikuwa mzito, umekauka karibu na kushika sufuria, na chumvi yake ya kukunja uso. Akala. Angesemaje? Umwambie mama mkwe wako kwamba mchuzi wake una chumvi? Hata wendawazimu wana mipaka.

"Chakula kizuri mno," akaiambia meza. "Tunashukuru."

Kesho yake chumvi ikaongezwa.

Fundi akala yote, akapangusa sahani kwa mkate, akashukuru. Kesho kutwa ikaongezwa tena. Akafikiri, maskini bibi wa watu, huzuni ya mwanawe imemharibu ulimi. Akawa anatembea na chupa kubwa ya maji kazini, wenzake wakamtania kwamba amekuwa ngamia. Kila siku sahani ilirudi jikoni nyeupe, na kila siku jikoni kulisikika mtu akishusha pumzi kama anayeshusha gunia.

"Sufuria," mama mkwe alisema siku moja, sauti imekwaruza, "wewe ndiye shahidi wangu."

Fundi hakuelewa, akaona ni utu uzima tu.

Wiki ya nne konokono wawili wakafa. Ukingoni mwa Kichwa Kigumu nyama ikaanza kurudi nyuma, kama fizi inavyorudi nyuma kwenye jino, na jiwe likaonekana, jeupe pe. Fundi aliliona asubuhi akiwa na jagi mkononi. Alisimama pale mpaka simu ya kazini ikaita mara tatu. Alikwenda kwenye duka pekee la samaki wa mapambo mjini, akaeleza, akaonyesha kwa mikono. Muuzaji, kijana mpole, akatikisa kichwa. "Sisi hapa ni wa maji matamu, mzee. Hilo jiwe lako nalisikia kwako. Hakuna mtu anayelijua?"

Alikuwepo mmoja tu mjini pale. Yuko wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na ndiye hasa asiyetakiwa kujua.

Jioni hiyo Fundi alivuta kiti mbele ya tangi. "Tulia," akaliambia, kwa ile sauti yake ya kispika. "Usiguse kitu." Kisha akaona aibu akanyamaza, kwa kuwa kiumbe kile kilikuwa kimetulia tayari na hakikuwa na mkono wa kugusia chochote. Kwenye lifti angalau mtu anagonga ukuta, anakupigia kelele, unajua yuko ghorofa gani. Huyu alikuwa anakufa kwa adabu. Fundi alijisikia mjinga, mjinga kweli, kuliko alivyojisikia tangu akiwa mwanafunzi, na akalia kidogo akiwa ameshika bisibisi.

"Nionyeshe basi picha yake," mkewe akasema alasiri moja ya wiki ya tano. "Namkumbuka."

Fundi alijua siku hiyo ingefika. Alikuwa ametafuta kwenye simu yake mpaka akapata picha ya zamani, Kichwa Kigumu amevimba, kijani kinang'aa. Akampa. Mkewe akaitazama sana. Aliisogeza karibu na uso, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama tena pembeni kule.

"Amependeza," akasema, akamrudishia simu. Hakufumba macho siku ile. Alitazama dirisha mpaka kengele ya wageni ikalia.

Basi ikafika Jumapili. Daktari alikuwa amesema Jumatano mgonjwa atarudi nyumbani. Siku tatu. Kwenye Kichwa Kigumu nyama iliyobaki ilikuwa kipande kimoja juu kabisa, ndani ya bonde moja la mkunjo, kipana kama kiganja cha mtoto. Kwingine kote kulikuwa jiwe tupu. Konokono alibaki mmoja, naye hahami.

Fundi alikaa mezani kula chakula cha mchana. Akatia kijiko cha kwanza mdomoni, na jamani, hapa heshima ilifika mwisho wake. Ule haukuwa mchuzi. Koo lilikataa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akashika meza, akakohoa tena, na kijiko kikaanguka chini kwa kelele.

Mlango wa jikoni, ule ulioegeshwa nusu kwa wiki tano, ukafunguka wote. Mama mkwe akasimama pale na mwiko mkononi, akamtazama mkwewe machoni.

"Hatimaye," akasema. "Nilidhani nitakuua."

Fundi alishusha macho kwa mazoea. "Samahani, mama, ni kikohozi tu, chakula ni kiz..."

"Usiniambie ni kizuri! Ukiniambia ni kizuri tena nitakupiga mwiko huu, mkwe na ukwe wake." Akaelekeza mwiko jikoni. "Nikuulize swali moja. Mchuzi ukiwa jikoni, ukichemka, ukakauka. Mpishi akitaka urudi ulivyokuwa, anaongeza nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Maji tu, mama. Maji ya..."

"Akiongeza maji ya chumvi je? Leo, na kesho, na kesho kutwa?"

Fundi alitazama sahani. Akatazama tangi, na kwenye ukingo wa kioo ule ukoko mweupe aliokuwa akiufuta wiki tano. Akanyanyuka, akachovya kidole kwenye tangi, akalamba. Akaenda stoo, akalamba maji ya pipa la kushoto. Kisha akarudi kwenye tangi akalamba tena, na sura yake ilibadilika mpaka mama mkwe akaweka mwiko chini.

"Maji yanaondoka," Fundi akasema taratibu, "chumvi inabaki."

"Mimi si msomi, sijui mambo ya mawe ya baharini. Nilikuona siku ya pili tu ya kufika kwangu. Nikasema moyoni, huyu ni fundi, ana mizani, anapima, atakuwa anajua. Halafu nikaona kimnyama kinakonda. Ningekuambiaje mimi, mkwe wangu mwenyewe, kwamba hujui? Nikasema nitakuambia kwa sufuria. Kila siku nakukaushia, nakuzidishia, nasema leo atauliza. Na wewe unakula! Mtu gani anakula vile?"

"Ningesemaje, mama?"

"Ndiyo," bibi akasema, akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Ungesemaje."

Fundi hakungoja zaidi. Aliyajua maji matamu yalipo. Alikokota pipa zima la kulia kutoka stoo, akalifikisha sebuleni, akaliinua mpaka kwenye ukingo wa tangi, akitaka kulimwaga lote kwa mara moja, lichukue chumvi yote, limalize, litengeneze. Mama mkwe alimshika kifundo cha mkono. Mkono wa mama mkwe, kwenye mkono wake!

"Umeshafanya kwa kudhani wiki tano," akasema. "Leo kaulize."

Saa kumi kamili Fundi alikuwa kando ya kitanda cha dirishani. Hakukaa. Mkewe alimtazama uso, na akauliza kile alichouliza siku zote, ila polepole.

"Kichwa Kigumu hajambo?"

Jibu lilikuwa pale pale lilipo siku zote, linasubiri kutamkwa. Fundi alilitafuna, likamkwama kooni kama ule mchuzi.

"Ana jambo," akasema.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka, maana hakuna anayesema hivyo. Machozi yalimtoka mkewe pembeni ya macho yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali na hakuweza hata kugeuka ili yaende kwingine.

"Nilijua," akasema baadaye. "Ile picha nilikuwamo. Nimejiona kwenye kioo, nimesimama juu ya stuli na kile kitambaa changu cha njano."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utaniambia." Akapangusa uso kwa shuka. "Ulimpa maji gani?"

"Maji yake. Ya chumvi."

"Lo, Fundi!" Kikatoka kitu kama kicheko, kisichokuwa kicheko. "Yake ni yale yaliyomtoka. Yanayopanda hewani ni matamu. Na kile kijibomba cha kupimia chumvi hakikuonyesha?"

Hapo ndipo Fundi alipojua alichokifagia siku ile.

"Nimwage yote? Nibadilishe yote leo? Nina pipa zima, nina..."

"Ukimwaga yote atakufa leo hii hii. Ameshazoea hiyo chumvi inayomuua. Ukimtoa ghafla unammaliza. Toa jagi moja, tia jagi moja la maji matamu. Asubuhi moja, jioni moja. Basi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Atapona?"

"Sijui."

"Nifanye nini kingine?"

"Hakuna kingine," mkewe akasema, na Fundi akaona kwamba ndilo neno gumu kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Angeambiwa apande ghorofa arobaini kwa miguu, angeshafika ya kumi.

Jumatano akamleta nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Mama mkwe alikuwa amefungua madirisha yote. Mkewe aliomba asogezwe kwenye tangi kwanza, kabla ya kitanda. Alitazama lile jiwe jeupe, akatazama alama za chaki ukutani, kumi na nne, zinapanda. Kile kipande cha nyama kilikuwa kimebaki kama ukucha wa kidole gumba. Aliweka kiganja juu ya kioo. Hakumlaumu mtu, na Fundi aliyekuwa amejiandaa kulaumiwa siku tatu hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mama," mkewe akamwambia mama yake usiku ule wakila chumbani, "chakula cha hospitali kilikuwa bora."

Ni kweli. Bibi, kwa kisasi cha wiki tano au kwa woga, hakuwa ametia hata punje ya chumvi. Akasimama mlangoni akimtazama mkwewe, bila kujificha, bila sufuria. "Mkwe, sema. Kimekaaje?"

Fundi akameza. "Hakina chumvi kabisa, mama."

"Ahsante," akasema bibi, akaenda kuleta kopo la chumvi. Mkewe akacheka mpaka nyonga ikamuuma, kisha akalia kwa sababu ya nyonga, au ndivyo alivyosema.

Jagi moja asubuhi, jagi moja jioni. Katikati ya majagi hayo Fundi alizunguka nyumba. Aliitengeneza stuli: akatoa mguu, akauchonga upya, akautia gundi na skrubu nne badala ya mbili, akaisimamia yeye mwenyewe akarukaruka. Ingebeba ng'ombe. Akaiweka kando ya kitanda cha mkewe, na hakuna aliyeikalia. Kila jioni saa moja taa ikififia, sauti ilitoka chumbani, "Hajambo?" na Fundi akaenda kutazama kweli kabla ya kujibu. Siku ya kwanza akasema, "Yupo vile vile." Siku ya tatu, "Amepungua kidogo." Siku ya tano alidhani ameona kinywele kimoja kimetoka, akaita kwa sauti kubwa, mama mkwe akaja mbio na miwani, kumbe ni uzi wa pazia uliodondoka majini.

Siku ya tisa, saa moja jioni, taa ikafifia. Fundi akainama mbele ya kioo. Akavuta tochi yake ya kazini, akamulika bonde lile la mwisho, kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka juu. Palikuwa peupe. Konokono wa mwisho alikuwa amepanda juu ya jiwe, anatembea, mzima, anakula mabaki.

"Hajambo?" sauti ikatoka chumbani.

Jikoni mama mkwe aliacha kuosha vyombo. Fundi alikwenda mpaka mlangoni pa chumba akasimama, tochi bado inawaka mkononi.

"Hatunaye, mke wangu," akasema.

Mkewe aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Fundi alisikia pampu ikivuma sebuleni, imesafishwa, haina kasoro.

"Niizime pampu?" akauliza. "Au niagize kingine? Kuna watu wanatuma kwa posta, naweza kuandika leo. Au maji niyatoe, nisafishe kioo, niweke... Niambie tu nifanye nini."

"Tulia, Fundi," mkewe akasema. "Usiguse kitu."

Fundi alisimama pale akingoja neno la tatu, lile la "nakuja", ambalo yeye kwa miaka ishirini na mbili hajawahi kumnyima mtu. Mkewe hakuwa nalo. Alipapasa tu kwa mkono ukingo wa kitanda, palipo na ile stuli. Basi Fundi akazima tochi, akaja, akaikalia.